Kaunta ya Hale

Nyumba yetu ya Kilole, hapa Korogwe, ilikwisha siku ileile pesa zetu zilipokwisha. Mume wangu alisema tumshukuru Mungu, kwa sababu pesa zingetangulia kwisha tungekuwa na kuta bila bati. Tukahamia na godoro, jiko la mkaa, televisheni iliyokaa juu ya ndoo, na mkeka niliopewa na mama yangu nilipoolewa. Sebule ilikuwa tupu kiasi kwamba ukikohoa, ukuta wa pili ulikujibu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Handeni, nikafundisha Handeni miaka kadhaa, ndipo nikahamishiwa Korogwe. Mume wangu ni bwana shamba, Msambaa wa milimani, mtu mpole mwenye mawazo mengi. Wazo lake kubwa katika nyumba ile lilikuwa ukuta wa jikoni. Alikuwa ameona kwenye simu nyumba za watu ambazo jiko na sebule vinaonana, akamwambia mwashi aache uwazi mpana kati ya vyumba hivyo viwili. Pale katikati pangekuja kukaa kitu kizuri cha mbao. Kitu chenyewe hakikuja, na uwazi ukabaki uwazi. Mgeni akikaa sebuleni aliona mpaka masizi ya sufuria zangu.

Samani mpya hatukuziweza. Mume wangu akasema hata tungeziweza asingezitaka, kwa sababu mbao za siku hizi hukatwa zikiwa bado changa, na ukizileta nyumbani mvua ya kwanza zinajipinda. Tutafute vitu vya zamani, akasema, vya mninga na mvule, fundi avikwangue, avipige msasa na vanishi, tutakuwa na nyumba ambayo watu wa Dar wenyewe wataionea wivu. Nilikubali. Nilikuwa na hofu moja tu, nayo ni baba yangu.

Baba hakuwahi kuruhusu kitu kilichotumika kiingie nyumbani kwetu. Vitanda, meza, kabati la vyombo, vyote vilichongwa na fundi mmoja wa pale Handeni, na baba alikuwa akienda mwenyewe kusimama kwenye karakana mpaka aone mbao inapopigwa randa. Alisema kitu cha mtu hujui kimeona nini. Yeye ni mtoto wa mwalimu wa madrasa, mtu wa msikitini, asiyecheka ovyo. Akipita barabarani vijana walikuwa wanazima sigara bila kuambiwa.

Kuna jambo jingine la kueleza kuhusu baba, nalo ni umeme. Alipokuwa kijana, kabla ya kumwoa mama, aliondoka kijijini akaenda Hale kufanya kazi kwenye mitambo ya umeme. Alikaa huko miaka mitatu. Sisi watoto tulikua tukiijua habari hiyo kama tulivyojua majina yetu. Alitusimulia maji ya mto Pangani yanavyoingia kwenye mabomba makubwa, mashine inavyonguruma hadi humsikii mtu aliye karibu nawe, na jinsi mtaalamu mmoja alivyoweza kujua ubovu wa mtambo kwa kuweka tu kiganja chake ukutani. Pale mtaani alijulikana kama mtu wa umeme. Majirani walimletea pasi zilizoungua na redio zilizonyamaza. Baba alikuwa akikigeuza kile kitu taratibu, anakitazama chini, anakitazama juu, kisha anasema kimekufa, mpelekeeni fundi mjini.

Yeye mwenyewe hakuwahi kugusa hata swichi iliyolegea. Taa ikiungua nyumbani alimwita fundi, naye akasimama mlangoni, mikono nyuma, akimuuliza kama amezima kwenye mita. Siku moja nilimuuliza kwa nini haibadilishi mwenyewe.

“Ninaujua,” aliniambia. “Ndiyo maana siugusi.”

Niliona ni jibu la mtu mwenye elimu kubwa.

Tulianza na viti. Tulivipata Mazinde, kwa mzee mmoja aliyekuwa karani wa shamba la mkonge, sasa amestaafu. Vilikuwa sita, vya mninga, vizito kama vimejazwa mchanga, na kila kimoja kilikuwa na urefu wake. Mzee alitueleza sababu bila haya. Cha kwanza kilikatwa miguu kwa ajili ya marehemu mkewe, ambaye alikuwa mfupi. Cha pili kililiwa na mchwa mguu mmoja, akalazimika kukata mitatu iliyobaki ili ilingane. Cha tatu alikikata kilingane na cha pili, akakosea kipimo. Alivyoendelea kueleza nikaona kwamba tungechelewa kufika mwaka mmoja zaidi tungekuta mbao sita za kukalia chini.

Fundi wetu alikuwa Msambaa pia, mtu mzima mwenye karakana yake karibu na reli, mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi. Kazi yake ilikuwa safi sana na tarehe yake ilikuwa moja tu: kesho kutwa. Alivipa vile viti miguu mipya, akaviunga kwa ustadi hadi huoni mahali pa kiungo. Kimoja tu kilimshinda, kikabaki kimeinamia mbele kidogo. Nacho tulikipangia kazi, tukakitenga kwa wageni ambao hatukutaka wakae sana.

Kilichobaki ni ule uwazi wa jikoni.

Mwenzake mume wangu kazini ndiye aliyeleta habari kwamba Hale kuna mama mmoja ana meza ndefu ajabu ya mvule, imo ndani ya banda la kuku. Tukaenda Jumamosi. Mama mwenyewe alitupokea vizuri, akatuambia moja kwa moja kwamba si meza, ni kaunta. Zamani mjomba wake alikuwa na baa karibu na njia ya kwenda mitamboni. Baa ilikufa na mjomba, na kaunta ikahamia bandani kwa kuwa ilikuwa na rafu nyingi na kuku walizipenda.

Nilipoiona nilisahau harufu. Ilikuwa na urefu uleule wa uwazi wetu, pungufu kiganja kimoja. Juu ubao mmoja mpana, mnene, bila kiungo. Upande mmoja ulikuwa na rafu zenye matundu ya duara, na upande wa pili, chini karibu na sakafu, lilipita bomba la shaba lililokuwa jeusi kwa uchafu. Mume wangu aliupapasa ule ubao kama anapapasa ng'ombe wa kununua.

Tatizo lilikuwa mtetea mmoja aliyekuwa ameatamia kwenye rafu ya katikati. Mama alikataa katakata asisumbuliwe. Akasema kaunta ni yetu, tumeshakubaliana, lakini itaondoka vifaranga wakishatoka. Mume wangu akahesabu siku kwa vidole, maana bwana shamba huulizwa hata habari za kuku, akauliza mtetea ameanza lini. Kwa siku kumi zilizofuata alikuwa anapiga simu Hale kila jioni kuulizia hali, kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia mgonjwa aliyelazwa. Siku aliyoambiwa wametoka tisa salama, alinipigia shuleni nikiwa darasani.

Tuliisafirisha kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nusu yake ikiwa imetokeza nje na kitambaa chekundu kimefungwa nchani. Hapo ndipo nilipojua kwamba kaunta ya baa haijifichi. Ingawa ilikuwa imejaa vinyesi vya kuku na rangi imebanduka, watu waliitambua kwa mbali. Wanaume wawili waliokuwa wamesimama njia panda walimuuliza dereva inafunguliwa lini. Tulipofika Kilole jirani yetu alitoka nje, akaizunguka, akampongeza mume wangu kwa kujiongeza. Jumatatu mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba biashara si dhambi lakini mwalimu aangalie ni biashara gani.

Kwa fundi ilikaa wiki tano. Aliiosha kwanza kwa maji ya moto na sabuni, siku tatu mfululizo. Akabandua rangi: kijani, chini yake bluu, chini yake rangi kama ya maziwa, chini yake ndipo mvule wenyewe, wa dhahabu iliyokolea. Juu ya ubao yalikuwepo majina ya watu waliojichora kwa kisu, na maduara ya chupa yaliyolowea hadi ndani. Fundi akauliza ayaache au ayaondoe. Mume wangu alisema ayaache, hiyo ni historia. Nikamwambia mume wangu kwamba baba yangu anakuja kuisomea nyumba dua, na baba yangu anajua kusoma. Fundi akachukua randa.

Bomba ndilo lililotusumbua. Lilipong'arishwa lilimetameta kama pete, lakini hakuna aliyejua kazi yake. Mume wangu alidhani linashikilia kaunta isipinde. Fundi, baada ya kulitazama siku mbili, akasema ni la kutundikia taulo za jikoni. Maelezo hayo yalikuwa na akili, kwa hiyo tulipoiingiza kaunta nyumbani tukaigeuza bomba liangalie jikoni na rafu ziangalie sebuleni. Kwenye rafu nikapanga vikombe na picha za harusi. Kwenye bomba nikatundika taulo. Kila nilipotaka taulo nilikuwa nainama hadi sakafuni, nikijiambia kwamba watu wa zamani walikuwa wafupi.

Uongo wa kumwambia baba tuliupanga mapema. Tulikubaliana kwamba kaunta imetoka ofisini. Ila hatukukubaliana ni ofisi gani.

Baba na mama walifika kwa basi la asubuhi kutoka Handeni, na mahindi, kunde na jogoo aliyefungwa miguu. Baba alikuwa amevaa kanzu iliyonyooshwa hata kwenye mikunjo ya kwapani. Fundi naye alikuwepo, amekuja kufunga bawaba ya mwisho aliyoahidi kesho kutwa kadhaa zilizopita. Tukaamkiana, shikamoo na marahaba zikazunguka, baba akasimama katikati ya sebule akasoma dua ndefu nzuri, sote tukaitikia amin. Kisha akaanza kuikagua nyumba. Alikigonga kiti kwa kifundo cha kidole, akakikalia, akasema mninga. Nikapumua.

Halafu akainuka akaenda kwenye kaunta.

Alisimama mbele yake muda mrefu. Akauliza imetoka wapi. Mimi nikasema hospitali ya zamani. Mume wangu, kwa sauti ileile na wakati uleule, akasema ofisi ya kata. Fundi, aliyekuwa amepiga magoti kwenye bawaba yake, akasema shuleni.

Baba hakumtazama hata mmoja wetu. Aliweka viganja vyake viwili juu ya ubao, amevitanua, akaanza kutembea pembeni polepole kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, viganja vikiteleza juu ya vanishi. Kisha akaingia jikoni, akainama, akaziona taulo zangu.

“Hili ni bomba la miguu,” alisema.

Akanyooka, akatutazama kama anavyotutazama tukikosea kuweka sufuria ya wali.

“Mmeigeuza. Mnywaji anakaa upande wa bomba. Rafu ni za muuzaji.”

Nadhani yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kusikia alichosema. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti kilichoinamia mbele kwa kuwa hatukuwahi kukiondoa, alimuuliza taratibu amejuaje. Baba akasema inaonekana tu. Mama akauliza inaonekana wapi. Baba akasema mtu mwenye akili akiangalia anaona.

Pengine angepona. Lakini fundi alikuwa amekaa wiki tano na lile fumbo, na sasa amempata mtu anayejua. Akainuka na bisibisi mkononi, uso umemng'aa, akauliza, “Na haya matundu ya duara, mzee? Yananisumbua sana.”

“Makubwa ya chupa za bia, madogo ya soda,” baba akajibu. Kisha akafumba macho.

Alikaa chini. Kwa mara ya kwanza nilimwona baba akiivua kofia yake mbele ya watu na kuishika magotini kwa mikono yote miwili. Akasimulia akiitazama ile kofia. Ni kweli alikwenda Hale kwenye mitambo. Walimpa kibarua cha kufyeka nyasi kandokando ya mfereji, na kibarua kikaisha baada ya wiki tano. Nyumbani kijijini baba yake, yaani babu yangu, alikuwa ameshamtangazia kila aliyeingia madrasa kwamba kijana wake anatengeneza umeme. Akashindwa kurudi. Mwenye baa alimpa kazi ya kuosha glasi, baadaye akampandisha akasimama kaunta. Alisimama hapo miaka mitatu kasoro. Hakuonja hata tone, na alikwishatubia zamani, kabla hata mimi sijazaliwa.

“Mitambo niliisikia hapa,” alisema, akanyoosha kidole kuelekea kaunta. “Wafanyakazi walikuwa wanakuja jioni, wanasimulia. Mimi nilikuwa nawasikiliza.”

Mama alipozungumza, alizungumza Kizigua, jambo ambalo hufanya akiwa amekasirika kweli au akiwa ana homa. Alimwambia baba kwamba walikuja wachumba wawili kwao. Mmoja alikuwa na ng'ombe. Marehemu baba yake alimkataa mwenye ng'ombe kwa sababu ya umeme. Kisha akahamia Kiswahili, nafikiri ili mkwe wake naye asikie.

“Sasa mimi nimeolewa na nani?”

Akainuka, akaenda chumba cha wageni, akafunga mlango. Fundi akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akaninong'oneza kwamba bawaba ataimalizia kesho kutwa. Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba jogoo anahitaji maji.

Adhuhuri baba alikwenda msikitini, na alasiri ilipita hajarudi. Nilipika, chakula kikapoa. Mwishowe nikabisha mlango wa chumba cha wageni nikaingia. Mama alikuwa amelala kuelekea ukutani, amejifunika kanga hadi kichwani, mabega yanamtikisika. Nilikaa kitandani, nikamshika mgongo, nikaanza kumwambia maneno ya kufariji ambayo binti humwambia mama yake, kwamba ni zamani, kwamba baba ni mtu mwema. Akajigeuza. Alikuwa ameuma pindo la kanga ili asisikike anavyocheka.

Alichokuwa anakikumbuka, alinieleza alipopata pumzi, ni pasi ya jirani yetu mmoja, ambayo baba aliichunguza nusu saa nzima kabla ya kuitangaza imekufa, na jirani akaja kugundua kwamba hakuwa ameichomeka vizuri. Halafu akamkumbuka babu, baba yake, ambaye baada ya kumwoza kwa mtu wa umeme alinunua taa ya kioo mjini akaining'iniza kwa uzi kwenye paa la makuti, ili waya ukifika kijijini ukute taa iko tayari. Taa ilining'inia pale mpaka nyumba ilipobomolewa. Kila baba alipokwenda kuwasalimia wakwe, alionyeshwa ile taa akaulizwa umeme umefika wapi, naye alikuwa anajibu kwamba uko njiani.

Tulicheka wote wawili hadi mbavu zikauma. Kisha mama akakaa kitako, akajifuta macho.

“Baa hainiumi,” alisema. “Kinachoniuma ni kwamba nimetamba nayo kwa wanawake wenzangu miaka yote hii.”

Nikamletea chai, akainywa akiwa ameutazama ukuta.

Baba alirudi baada ya isha. Walikula, tukalala. Nilisikia sauti zao ndogondogo ukutani, sikusikia maneno. Asubuhi nilipoamka nilimkuta baba ameshamwita fundi na majirani wawili wenye nguvu, amekunja mikono ya shati, anawaelekeza namna ya kuigeuza kaunta bila kuchubua sakafu. Nilitaka kusema kwamba hata ilivyo inatosha, lakini mama alikuwa amesimama karibu na dirisha mikono kifuani, na aliniambia nimwache. Iligeuzwa. Rafu zikaja jikoni, ambako kwa kweli ndiko nilikokuwa nahitaji vikombe, na bomba likaenda sebuleni. Fundi aliizunguka mara mbili akasema sasa anaelewa kwa nini ilikuwa inaonekana imekasirika.

Baba alikuwa amebaki upande wa jikoni. Akachukua kitambaa, akaufuta ubao. Naandika hivi nikijua siwezi kukieleza vizuri nilichokiona. Nyumbani kwetu sikuwahi kumwona baba akifuta kitu chochote. Mkono wake ulikwenda kwa mizunguko mikubwa kutoka kushoto kwenda kulia, bila haraka, ukachukua maji na vumbi lote hadi ukingoni, kisha kitambaa kikakunjwa mara mbili kwa vidole vya mkono mmoja kikatua begani. Baada ya hapo akaegemea kidogo, akainamisha kichwa upande, akawa mtu mwingine kabisa, mtu ambaye ungependa kumweleza matatizo yako.

Mama alisogea kutoka dirishani. Alifika kwenye kaunta, akatazama chini, akapandisha mguu wa kulia akauweka juu ya bomba.

“Nipe chai,” alisema.

“Ya rangi au ya maziwa?”

“Ya maziwa. Usiimwage.”

Hakuimwaga hata tone. Nina umri wa kutosha na hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kumwona baba akimmiminia mama chai. Mama aliipuliza, akainywa kidogo, kisha akaanza kumuuliza. Alitaka kujua watu gani walikuwa wanakuja, nani alikuwa msumbufu, wanawake walikuwepo au hawakuwepo. Baba alijibu yote. Alimsimulia habari za fundi mitambo mmoja aliyekuwa akiagiza soda mbili kila jioni, moja yake na moja ya kumwekea rafiki yake aliyehamishwa, na akiondoka anainywa na hiyo ya pili ili isiharibike. Alimsimulia na habari za mpishi aliyelia kila mwisho wa mwezi. Alizungumza asubuhi ile kuliko alivyowahi kuzungumza Ramadhani nzima. Mume wangu alivuta kiti akakaa pembeni yao, akasahau kwamba ana wakulima wanamsubiri.

Walikaa siku nne. Wageni waliokuja kuwasalimia walipokelewa na baba akiwa nyuma ya kaunta, na kuna mzee mmoja wa jirani aliyekuja mara tatu kwa siku moja. Mwalimu mkuu naye alipita, nadhani kuhakikisha. Alikuta mzee mwenye kofia na kanzu anagawa chai ya tangawizi. Akanywa vikombe viwili, na suala la biashara hakuligusa tena.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza baba stendi, mama akiwa ametangulia kupanda basi kuwahi siti ya dirishani. Tulisimama na begi lake kati yetu. Sikumuuliza kitu. Alianza mwenyewe, akiwa anaangalia watu wanavyopakia mizigo.

“Kwanza nilimwogopa baba yangu, mama,” aliniambia. Ananiita mama tangu utotoni. “Halafu nikamwogopa mama yako. Mkazaliwa ninyi, nikawaogopa ninyi.”

Nilimwambia asituogope. Akasema sasa amezoea, lakini atajaribu. Kisha akachukua begi akapanda.

Mama alifungua dirisha la basi, akaniita nisogee karibu. Nilidhani anataka kuniaga vizuri. Aliniambia kwamba amefikiria, ile meza yao ya kulia chakula imechoka, na kwamba fundi wangu ana mkono mzuri. Amtafutie meza ya zamani, ya watu sita, ya mvule kama itapatikana.

“Ila ilikotoka,” alisema, akimtazama baba aliyekuwa anajipanga kukaa, “asimwambie mtu yeyote.”

Basi likaondoka kuelekea Handeni. Nilipita karakana nikamfikishia fundi ule ujumbe. Alisikiliza kwa makini, akafuta vumbi kwenye nyusi, akasema anaijua meza kama hiyo iko mahali, ataanza kuifuatilia kesho kutwa.